Mbawakawa wasafishaji kwenye makontena ya mende: namna ya kuwatumia katika unyevu wa Malindi

Mende wa kulishia, yaani anayefugwa awe chakula cha kuku, samaki au mijusi, anapofia ndani ya kontena hapa pwani, hakauki, anaoza. Bara kwenye hewa kavu mzoga hubaki gamba tupu baada ya siku chache. Malindi, hasa kuanzia masika ya Aprili na miezi ya kusi inayofuata, mzoga huo huo huloa, hunuka na kuita inzi wadogo wa mizoga. Usipoutoa, baada ya muda utaona vumbi jeupe linalotembea kwenye trei za mayai wanamojificha mende, nao ni utitiri. Kazi ya wadudu wasafishaji, hasa mbawakawa, ni kuuwahi mzoga kabla mambo hayajafika huko. Wanaishi chini, ndani ya kinyesi cha mende, na wanakula maiti, ngozi zilizovuliwa na makombo ya chakula.

Kazi yao wanaiweza sana. Tatizo ni kwamba wengi huwaleta kwa sababu isiyo sawa: kontena limenuka, basi anatafutwa mdudu wa kulisafisha. Kontena likinuka amonia, maana yake hewa haipiti na kinyesi kimelowa. Mbawakawa hawaondoi amonia wala unyevu, na wao wenyewe wanakunya humo humo. Tengeneza hewa kwanza, punguza vyakula vya majimaji, kisha ndipo uwalete. Anayeruka hatua hiyo huishia na kontena linalonuka vile vile, safari hii likiwa na wadudu wa aina mbili.

Mende wa aina gani

Yaliyomo hapa yanawahusu mende wanaozaa watoto hai, kwa mfano Blaptica dubia wa Amerika Kusini na Nauphoeta cinerea, yule wa kijivu ambaye asili yake huhesabiwa kuwa huku huku Afrika Mashariki. Jike wa aina hizi hubeba mayai ndani ya mwili wake mpaka yaanguliwe, kwa hiyo msafishaji hana namna ya kuyafikia. Kombamwiko wa jikoni, Periplaneta americana, huangusha mfuko wa mayai nje, na buu mwenye njaa anaweza kuutoboa na kula kilichomo. Huyo hafai kufugwa vyovyote vile: ametoka chooni na kwenye mitaro, anapanda kila kitu na anaruka.

Dubia mkubwa hawezi kupanda plastiki laini. Nauphoeta anapanda hata kioo, na tofauti hiyo inabadilisha utengenezaji wa kontena, kama utakavyoona. Kuingiza wadudu hai kutoka nje ya nchi ni jambo la kibali, na pa kuanzia kuuliza ni KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea Kenya. Kama mende ni wa kulishia kinyonga au mjusi wa porini badala ya kuku na samaki, mnyama mwenyewe anahitaji kibali cha KWS, shirika la wanyamapori Kenya.

Wasafishaji watatu, mmoja wao wa kukataa

Anayefaa kuliko wote hapa kwetu ni mbawakawa mdogo mweusi wa kwenye matandiko ya banda la kuku, Alphitobius diaperinus. Mkubwa ana urefu wa milimita 6 hivi, ni mweusi unaong'aa. Buu lake ni jembamba, la kahawia, halina manyoya, na hufika zaidi kidogo ya sentimita moja. Kwenye joto la nyuzi 30 hutoka yai hadi kuwa mkubwa kwa wiki 6 au 7, na joto hilo Malindi tunalo bila kuwasha chochote. Anakula mzoga, pumba, ukungu na makombo. Mbawakawa mkubwa na buu wote wawili hawawezi kupanda plastiki safi, ingawa wakubwa wana mabawa na wanaweza kuruka jioni za joto.

Wa pili ni Dermestes maculatus. Watu wa Lamu wanamjua vizuri hata kama hawajui jina lake: ndiye mwenye buu la manyoya linalotoboa papa mkavu na ng'onda hadi samaki abaki vumbi. Kwenye kula mizoga hana mpinzani, na majumba ya makumbusho duniani humtumia kusafisha mifupa. Lakini huyu mimi nasema asiingie kwenye nyumba ya pwani. Anataka protini tupu, kwa hiyo mizoga ikiisha anageukia mende aliye hai ambaye ndiyo kwanza amejivua ngozi. Buu likikaribia kuwa pupa huchimba ubao, karatasi ngumu na stairofomu (lile povu gumu jeupe la maboksi) kutafuta pa kujificha. Manyoya yake huwasha ngozi na kusumbua kifua. Na akitoroka, mtaa kama Mkomani wa Lamu ambako nyumba zimebanana, hasara inampata jirani aliyehifadhi samaki wake juu ya dari. Faida yake hailingani na hatari hiyo, maana Alphitobius anaifanya kazi ile ile kwa upole zaidi.

Wa tatu ni wale wadogo sana weupe wanaoruka ukigeuza jani lililooza, kolembola, pamoja na wale wa kijivu wenye miguu saba kila upande wanaokaa chini ya mawe. Hawa wanakula ukungu na majani yanayooza. Ni wazuri kwa mende wanaoishi kwenye udongo wenye unyevunyevu. Kwa dubia na Nauphoeta, ambao kontena lao linatakiwa kuwa kavu, wengi wao watakufa. Ukiwaona wanastawi humo, hiyo ni dalili kwamba chini kumelowa.

Usichote kutoka bandani ukamwaga moja kwa moja

Alphitobius anapatikana bure: pindua matandiko ya zamani kwenye banda la kuku, pembeni karibu na vyombo vya maji na chakula. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Mbawakawa wa bandani hubeba Salmonella, vimelea vya koksidia, virusi vya kuku, na pia ni mwenyeji wa kati wa minyoo tegu wa kuku. Kuku akimla, anaipata minyoo. Mabandani pia hunyunyizwa dawa ya unga ya kuua viroboto na utitiri, na chembe chache tu za unga huo zinatosha kuua mende wote.

Mdudu mwenyewe hana ubaya. Umoja wa Ulaya uliruhusu mabuu ya aina hii hii kuwa chakula cha binadamu mwaka 2023. Kinachoangaliwa ni mahali alipokulia, na hilo unaweza kulirekebisha kwa kutumia kizazi cha pili.

Okota wakubwa 40 hadi 60, uache mabuu. Watie kwenye chombo kisafi cha plastiki chenye pumba kavu za ngano na kipande cha karoti kwa siku 3, wakunye walichokuja nacho. Pumba hizo zitupe kwenye maji yanayochemka. Wahamishie kwenye chombo cha pili chenye pumba mpya kina cha sentimita 3, karatasi ngumu iliyokunjwa juu yake ya kujificha, na kipande kidogo cha karoti kinachobadilishwa kila siku ya pili. Waache wiki 2 watage, kisha wachuje wakubwa wote na uwaue kwa maji ya moto. Pumba zinabaki na mayai yasiyoonekana. Baada ya wiki 3 au 4 zaidi utakuwa na mabuu mengi, nayo ndiyo ya kuweka kwa mende. Vijidudu vya minyoo vilivyokuwa mwilini mwa wazazi haviingii kwenye mayai. Bakteria hawaondoki wote kwa njia hii, ila hatari inapungua sana, na mende waliosafishiwa hivi ndio ningekubali wapewe vifaranga.

Kontena lenyewe

Chukua kontena gumu la plastiki la lita 60 au 70 lenye mfuniko. Kata dirisha la sentimita 15 kwa 20 kila upande wa urefu, karibu na juu, yakielekeana ili upepo ukatize, na jingine la 20 kwa 30 kwenye mfuniko. Bara tundu moja la mfunikoni linatosha, hapa halitoshi. Ziba kwa wavu laini wa chuma au alumini. Wavu wa plastiki wa dirishani usiutumie, kwa sababu mabuu yanatafuna na mende wanapanua. Bandika kwa silikoni na usitie mdudu mpaka harufu ya siki ya silikoni iishe kabisa.

Trei za mayai za karatasi zisimame wima, 10 au 12, zikiwa zimebanana kiasi cha kutoanguka. Zikilala, kinyesi kinajaa vishimoni na mbawakawa wanazaliana katikati ya mende badala ya kukaa chini. Hili linaonekana dogo lakini ndilo linalotenganisha sakafu ya wasafishaji na ghorofa za mende.

Sakafuni weka sentimita 2 za kinyesi kikavu kutoka kontena la zamani. Kama huna, tumia pumba za ngano sentimita 1. Sakafu tupu inayong'aa haifai: mabuu hukosa pa kujificha na hupanda trei.

Kwa Nauphoeta, paka mafuta ya mgando mkanda mwembamba wenye upana wa sentimita 5 hadi 7 chini ya ukingo wa ndani. Joto la kaskazi huyalainisha na vumbi la kinyesi huyafunika, kwa hiyo futa na upake upya kila wiki 2. Mkanda wenye vumbi ni ngazi kwa mende na mbawakawa vile vile.

Kontena likae juu ya matofali yaliyosimama ndani ya mabakuli ya maji yenye tone la sabuni. Sisimizi wa pwani hawasamehe. Wakipata njia usiku, asubuhi unakuta mende weupe waliojivua ngozi wamekatwakatwa, na utadhani ni kazi ya mbawakawa. Angalia ukuta wa nje wa kontena kabla hujawalaumu.

Mahali pazuri ni chumba chenye kuta nene za mawe, au chini ya paa la makuti ambako upepo unapita. Usiweke kwenye kibanda cha mabati. Mwezi Februari na Machi joto la ndani linaweza kuua mende wote mchana mmoja. Na usiwashe dawa ya mbu ya kuchoma chumba hicho. Sumu yake ni ya jamii moja na dawa nyingi za mende.

Kiasi cha kuanzia

Kwa mende 400 au 500 wa rika mchanganyiko, weka mabuu 80 hadi 100 na wakubwa 20, wote wa kizazi cha pili. Usiongeze hata kama wiki ya kwanza huoni tofauti. Watazaliana, na idadi yao itafuata chakula kilichopo. Ukianza na mabuu 500 kwenye kontena lisilo na mizoga, watatafuta chakula kingine, na chakula kingine kilichopo ni mende wako.

Baada ya mwezi mmoja na nusu fanya jaribio hili. Jioni, laza mende mmoja mkubwa aliyekufa juu ya kinyesi kwenye kona. Baada ya siku 2 mgeuze. Ukikuta mabawa, miguu na ile ngao ya shingoni, ndani kukiwa kukavu na kutupu, wasafishaji wanatosha. Ukikuta tumbo bado limejaa na linang'aa kwa unyevu, ni wachache. Kisha chota kikombe kimoja cha chai cha kinyesi, kimwage kwenye sahani nyeupe na uhesabu. Mabuu 10 hadi 20 ni sawa. Yakizidi 50, anza kupunguza.

Chakula, na kwa nini mende hung'atwa

Malalamiko makubwa dhidi ya wasafishaji ni kwamba wanakula mende. Mara nyingi ni kweli, na mara nyingi kosa ni la ratiba ya mlishaji.

Mende akijivua ngozi hutoka mweupe kama wali, laini, na hawezi kukimbia kwa saa kadhaa. Yeye ndiye kitu chenye maji mengi kuliko vyote mle ndani. Buu lenye kiu halitofautishi kati yake na kipande cha karoti. Kwa hiyo anayekatisha mboga siku 4 au 5 ili akaushe kontena anawasukuma mbawakawa kwenye mende weupe. Njia sahihi ni kutoa kidogo na mara nyingi: jioni weka vipande vya karoti, boga au papai lisiloiva sana kwenye kifuniko cha kopo, kiasi cha kiganja kimoja kwa mende 500, na asubuhi toa kilichobaki. Kila siku ya pili inatosha. Usiweke chombo cha maji ya wazi, maana mbawakawa watazama na kuoza humo.

Chakula kikavu kiwe daima kwenye sahani fupi: mashi ya kuku wa mayai, au pumba za mahindi zilizochanganywa na dagaa kidogo waliosagwa. Dagaa wakizidi unapata mambo mawili: mende wanalimbikiza taka za protini mwilini, na mbawakawa wanalipuka kwa idadi. Machicha ya nazi yanavutia kwa sababu ni ya bure kila jikoni, lakini yana mafuta, yanachacha upesi na kuota ukungu usiku huo huo. Ukitaka kuyatumia, yaanike jua kali mpaka yawe kama unga, na yasizidi kijiko kimoja kwa wiki. Mboga za sokoni zioshe na uzimenye. Mchicha na sukuma wiki zilizopigwa dawa juzi zimeshamaliza makontena mengi.

Wakizidi

Dalili ni hizi: sahani ya mashi inaisha kabla ya usiku wa manane, mabuu yanatembea juu ya trei mchana, mende wakubwa wana kingo za mabawa zilizotafunwa, na unakuta waliokufa huku nusu ya mwili ikiwa bado ndani ya ngozi ya zamani.

Tengeneza mtego. Kata bomba la PVC la nusu inchi au robo tatu, urefu wa sentimita 20, na ujaze ndani karatasi ngumu ya boksi yenye mifereji, iliyozungushwa vizuri. Lifukie nusu kwenye kinyesi, pembeni. Mabuu yanayokaribia kuwa pupa yanatafuta mianya ya kukaza mwili, na mifereji ya boksi ni makao yanayoyapenda. Vuta roli kila baada ya siku 5 au 6, ifungue juu ya beseni na utaona yamejipanga kwenye mistari. Kuku na samaki wanayapenda, ilimradi ni ya kizazi safi. Stairofomu ya maboksi ya samaki inavuta mabuu mengi zaidi ya karatasi, lakini wanaitafuna na kuimeza, kwa hiyo mabuu yaliyotoka humo usilishe mnyama.

Mtego pekee hautoshi ikiwa sakafu imefika sentimita 6 au 7 za kinyesi. Inua trei pamoja na mende wake na uziweke kwenye kontena jingine. Chekecha sakafu kwanza kwa wavu wa milimita 5 unaozuia mende wakubwa, kisha kwa wa milimita 2 unaozuia watoto na mabuu makubwa huku vumbi likipita. Rudisha sentimita 2 tu za kinyesi. Fanya kazi hii nje, mgongo ukiwa upande unakotoka upepo, na kitambaa au barakoa usoni. Vumbi la mende huleta pumu, na mbawakawa hawa wakisumbuliwa hutoa majimaji yenye harufu kali yanayowasha macho.

Kitu kimoja ambacho wasafishaji wanakificha ni vifo. Kontena lisilo na mbawakawa hukuonyesha maiti. Lenye mbawakawa linaonekana safi hata mende wakifa 10 kwa siku. Kwa hiyo unapochekecha, hesabu zile ngao za shingoni zilizobaki. Ndiyo daftari lako. Ukichekecha kila mwezi na idadi ikapanda ghafla maradufu, usifurahie usafi wa sakafu: tafuta joto, sumu au ukosefu wa maji.

Kinyesi ulichokitoa ni mbolea nzuri ya mchicha na bilingani, lakini kina mayai na mabuu. Kifunge kwenye mfuko mweusi wa plastiki, ukitandaze bapa juu ya sakafu ya saruji kwenye jua la saa sita kwa siku 2 au 3, ukikigeuza. Msimu wa mvua jua halitoshi, kwa hiyo kimwagie maji yanayochemka kwenye ndoo ya chuma na upeleke ule mchanganyiko shambani ukishapoa.